Kuzidisha na Kuzidiwa: Historia ya Dawa Irudishayo Pumzi

Neno kasumba limesafiri mbali katika lugha yetu. Msomaji wa leo akilisikia, fikra zake huenda moja kwa moja kwenye kasumba ya kikoloni, yaani yale mawazo yaliyopandikizwa vichwani mwa watu hata wakajidharau wenyewe. Ni wachache wakumbukao kwamba kasumba, kabla haijawa silaha ya wanasiasa na wahakiki, ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi: utomvu mkavu wa mpopi, afyuni kwa jina lake la asili ya Kiarabu, uliofika pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Lugha ilikwisha kumjua mlevi wa kasumba tangu zamani. Ilichokuwa haijakipata ni neno la kumwita yule aliyelala kwa kasumba akashindwa kuamka, wala jina la dawa ya kumwamsha, kwa kuwa dawa yenyewe haikuwepo duniani hadi mwaka 1961.

Makala haya yanaifuata historia ya dawa hiyo, na hasa swali moja ambalo historia hiyo imelijibu kwa namna isiyotarajiwa: nani aishike mkononi? Na kwa kuwa swali la namna hii haliulizwi hewani, nitaliuliza nikiwa nimesimama Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, katika mji ambao nimeukaa kwa vipindi kadhaa vya maisha yangu na ambao sisi watu wa visiwani tumezoea kuupita tu tukielekea bara.

Morogoro umekuwa mji wa njia kwa muda mrefu. Reli ya kati ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapo mwaka 1907, na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ilichagua safari hiyohiyo iwe ya kwanza. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika Msamvu ikagawanyika: mkono mmoja Dodoma, mkono wa pili Mikumi, Iringa, Mbeya na Zambia. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo mlima hupeleka maji pwani, na pwani hurudisha kila kitu kingine kwa malori, mizigo ya halali na isiyo ya halali.

Heroini ilianza kuonekana katika miji yetu ya pwani katika miaka ya 1980. Mwanzoni ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, ikavutwa kwa moshi. Karibu na mwisho wa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, inayoyeyuka upesi katika maji, na pamoja nayo ikaja sindano. Njia yake inajulikana: kutoka Afghanistan hadi pwani ya Makran, kisha kwa jahazi hadi bahari yetu. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za dawa, heroini na methamfetamini, katika operesheni zilizofanyika Dar es Salaam na Iringa. Atazamaye ramani ataona mara moja mji ulio katikati ya miji hiyo miwili.

Bidhaa ipitayo mahali haipiti yote. Huacha vumbi lake, na vumbi la bidhaa hii ndilo liuzwalo kwa kete.

Mji huu umezoea kupokea habari za vifo vya wanamuziki wake kutoka ugenini. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki Mombasa mwezi Januari 1979 baada ya ajali ya gari. Miaka thelathini na minne baadaye ikaja habari ya Albert Mangwea, ambaye vijana walimwita Ngwair. Alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, akazikwa Kihonda, Morogoro, mwezi uliofuata, mbele ya umati mkubwa. Vyombo vya habari vya wakati ule viliripoti kwamba ilidhaniwa amezidiwa na dawa. Si kazi ya mshairi kutoa hati ya daktari, nami sitaongeza neno juu ya yaliyotangazwa. Ninalolikumbuka katika taarifa zile ni jambo dogo ambalo halikujadiliwa: walikutwa wawili hawajitambui, yeye na rafiki yake. Rafiki aliwahiwa hospitalini akapona. Tofauti kati ya wawili hao inaweza kuwa ya dakika, na dakika ndiyo habari yote ya makala haya.

Sasa turudi kwenye lugha, ambako ndiko kazi yangu iliko. Kikundi kimoja cha vijana wa Morogoro, wengi wao wakiwa wamewahi kutumia unga na kuacha, kiliniomba niwafasirie kijitabu cha mafunzo ya huduma ya kwanza kwa mtu aliyepatwa na hali hiyo. Ugumu ulianza ukurasa wa kwanza. Maskani wenyewe husema ameovadozi, neno lililokopwa likavaa kiambishi chetu bila aibu. Wataalamu huandika kuzidisha kipimo. Lakini kuzidisha ni kitenzi cha mtu atendaye: amezidisha, yaani kosa ni lake. Neno hilo huingia chumbani kabla ya daktari, likatoa hukumu. Na kwa hakika si kweli kila mara kwamba mtu amezidisha. Anayenunua kete hajui ndani yake mna heroini kiasi gani na mna nini kingine. Anayetoka gerezani hutumia kipimo chake kilekile cha zamani, ila mwili wake umekwisha kusahau namna ya kukistahimili. Hakuzidisha kitu, kimemzidi.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo. Kila nyumba hukitumia: mgonjwa amezidiwa. Atamkapo mtu maneno hayo usiku, hakuna anayeuliza kosa la mgonjwa. Watu huvaa viatu, wakatafuta gari. Nilipendekeza kuzidiwa. Vijana wawili walinipinga, wakisema kwamba neno hilo ni pana mno, kwamba hata mwenye malaria huzidiwa. Niliwajibu kwamba upana wake ndio faida yake. Mjadala ulichukua asubuhi nzima.

Kuzidiwa kwa jamii ya afyuni kuna mwendo wake, na ni vema msomaji aujue, maana aghalabu huonekana kama usingizi. Katika shina la ubongo mna sehemu inayouamrisha mwili kupumua bila sisi kufikiri. Heroini, mofini na ndugu zao hukaa juu ya vipokezi vya neva katika sehemu hiyo na kuinyamazisha. Pumzi hupungua, zikawa nane kwa dakika, zikawa nne, zikakoma. Mboni za macho hubanwa zikawa kama ncha ya sindano. Mtu hukoroma mkoromo mzito wenye majimaji, na wenzake husema mwacheni alale. Midomo na kucha hubadilika, na vitabu vya Ulaya huandika kwamba hugeuka buluu, lakini kwa watu weusi mara nyingi huonekana kama zilizopakwa majivu. Moyo huendelea kupiga kwa kitambo. Ubongo ukikosa oksijeni, madhara yasiyotengenezeka huanza baada ya dakika nne au tano hivi.

Dawa ya kuigeuza hali hiyo huitwa naloksoni. Waliyoiombea hataza mwaka 1961 huko New York ni Mozes Lewenstein na Jack Fishman. Fishman alizaliwa Poland, na utotoni familia yake iliwakimbia Wanazi hadi Shanghai kabla ya kufika Marekani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo alipoitengeneza molekuli hiyo, naye alikuwa akitafuta tiba ya tumbo lililofungwa kwa sababu ya dawa za maumivu. Naloksoni hufanana sana na mofini kwa umbo, hata hukubaliwa na vipokezi vilevile, na kwa kuwa huvishika kwa nguvu zaidi huiondosha heroini mahali pake. Lakini ikikaa pale haifanyi chochote. Haileweshi, haina soko maskani, na akidungwa mtu asiyekuwa na afyuni mwilini haimdhuru kwa jambo la maana. Idhini ya kutumika Marekani ilitolewa mwaka 1971, na tangu 1983 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Fishman alifariki mwaka 2013. Miaka kumi kabla yake, mtoto wake wa kambo alikufa kwa heroini. Dawa ilikuwa imekwisha kutimiza miaka arubaini na miwili, na haikuwa nyumbani humo.

Kwa robo karne ya kwanza naloksoni ilikuwa mali ya daktari wa usingizi na chumba cha dharura. Ilifungiwa kabatini, ikaandikwa kwa wino, ikadungwa na mwenye shahada. Hapana aliyeona ubaya katika hilo. Ndiyo kawaida ya dawa. Lakini Waswahili walikwisha kusema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka huyu huua kwa dakika chache.

Hapa ndipo ninapotaka kuurudia mji wa Morogoro, kwa kuwa mji huu umewahi kuonyesha, kwa msiba mkubwa, nani hufika kwanza. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Wengi walifia palepale na wengine katika siku zilizofuata. Kabla mwezi haujaisha idadi ilikuwa takriban 100. Mengi yameandikwa juu ya umaskini uliowapeleka watu pale, mengine ya haki na mengine ya kejeli tupu. Machache yameandikwa juu ya dakika za mwanzo baada ya mlipuko, ambazo zilikuwa za watu waliokuwapo: wapita njia, wafanyabiashara wa stendi, waendesha bodaboda. Baadaye vikosi vilifanya kazi yao, hospitali ya mkoa ikajaa, majeruhi wakapelekwa Muhimbili, karibu kilomita 200. Ila kati ya moto na kikosi pana muda, na muda huo hauna mwenyewe isipokuwa yule aliye karibu.

Mlimani jambo hili halihitaji kuelezwa. Katika vijiji vya Kinole, Bunduki au Nyandira, wakati ambapo gari lilikuwa halifiki na mahali ambapo hata leo halifiki mvua ikinyesha, mgonjwa aliteremshwa kwa machela. Wanaume walipokezana mabegani, njia nyembamba, utelezi, wakisimama kwenye vijito kumpa maji. Hakuna aliyewapa vyeti. Hawakuwa wafanyakazi wa afya, walikuwa majirani, na huduma ya dharura ya Uluguru ilikuwa ndiyo hiyo.

Serikali ya Tanzania imejenga mengi juu ya msingi huo, kwa kuchelewa na kwa bidii. Zimamoto, ambayo zamani ilikuwa idara za halmashauri za miji, ilifanywa jeshi moja la taifa, la zimamoto na uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007, na namba yake ni 114. Muhimbili ilifungua idara yake kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, ya kwanza nchini, na kuanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Ninayataja haya ili isidhaniwe kwamba ninaandika dhidi ya vikosi. Ninaandika juu ya zile dakika nne au tano.

Mapinduzi katika historia ya naloksoni hayakuanzia kwa vikosi wala kwa madaktari. Yalianzia Chicago mwaka 1996. Dan Bigg na wenzake wa Chicago Recovery Alliance, kikundi kilichokuwa kikigawa sindano safi, walimpoteza mwenzao mmoja wa waasisi kwa heroini. Wakafanya jambo ambalo halikuwa katika kitabu chochote: walianza kuwapa naloksoni watumiaji wenyewe, na kuwafundisha kuidunga katika paja au bega la mwenzao. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Mtu hawezi kujiamsha mwenyewe, lakini mara nyingi hatumii peke yake, na aliye naye ndiye shahidi wa kwanza. Miji mingine ikaiga. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilipohesabu, ilikuta kwamba kati ya 1996 na katikati ya 2014 vikundi vya namna hiyo vilikuwa vimewapa dawa watu 152,283 wasio waganga, na kupokea taarifa 26,463 za watu waliorudishiwa pumzi.

Polisi walikuja nyuma. Idara ya polisi ya Quincy, mji wa jimbo la Massachusetts, ndiyo iliyotangulia kuwapa askari wake wa doria naloksoni, mwaka 2010, na baada yake zimamoto na polisi wa miji mingi walifuata. Leo mtu akisikia habari ya miji kuwapa askari wake dawa hii atadhani ni fikra ya meya fulani mwenye huruma. Kumbe meya na askari ni wanafunzi. Waalimu wao walikuwa mateja.

Nimeliandika neno hilo kwa makusudi, mara moja, na sitalirudia.

Ipo pingamizi ya zamani kwamba kugawa dawa hii ni kuwaambia watu wabwie bila hofu. Pingamizi hiyo ilipimwa Massachusetts katika miji na vitongoji 19, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: mahali palipofundishwa watu wengi zaidi, vifo vilipungua karibu nusu ukilinganisha na mahali pasipofundishwa mtu. Wale wajuao maskani hawakuhitaji hesabu hiyo. Aliyeamshwa kwa naloksoni hashukuru kwanza. Arosto humshika ghafla, tumbo, jasho, mwili mzima kuwasha moto, na mara nyingi humtukana aliyemwokoa. Hakuna atakayetamani kuirudia hali hiyo kwa anasa.

Scotland ilianza mpango wa taifa mwaka 2011, ukiwamo utaratibu wa kumkabidhi dawa mfungwa siku anapotoka. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: yeyote anayeelekea kushuhudia mtu akizidiwa na afyuni apatiwe naloksoni na kufundishwa kuitumia. Msomaji na azingatie maneno hayo. Hayakusema daktari, wala muuguzi. Yalisema ashuhudiaye.

Kwetu historia ilianzia upande mwingine. Kilichotangulia ni methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, inayomwondolea mtu arosto na kumrudisha polepole katika maisha ya kawaida. Mauritius ilianza mwaka 2006. Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki yake, ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara kwa upande wa serikali, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014. Zanzibar ilianza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na kabla ya hapo visiwa vilikwisha kuwa na nyumba zao za kuacha ulevi, zilizoendeshwa na waliopona. Haya ni mambo makubwa, na sijui kwa nini washairi wetu hawajayatungia.

Lakini methadoni ni dawa ya anayeweza kufika asubuhi. Naloksoni ni ya aliyezidiwa usiku. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Tena zinahitajiana, kwa kuwa hatari kubwa kabisa huwa katika mapengo: aliyeacha kliniki akarudia unga, aliyetoka jela, aliyetoka nyumba ya kuacha ulevi akiwa safi na mwenye furaha. Watu wa Mombasa na Malindi walilishuhudia pengo la aina hiyo mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, heroini ilipoadimika ghafla katika pwani ya Kenya. Watu walijazia kwa vidonge vya kila namna, na unga uliporudi uliikuta miili iliyopoteza uzoefu.

Tena unga wenyewe unabadilika. Huko Sierra Leone, ambako serikali ilitangaza hali ya dharura mwezi Aprili 2024 kwa sababu ya kileo kiitwacho kush, uchunguzi wa kemia uliofuata ulikuta ndani yake nitazini, afyuni za maabara zenye nguvu kuliko heroini mara nyingi. Naloksoni huzigeuza hizo pia, ila huenda zikahitaji vipimo viwili au vitatu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kitu kilichofika Freetown hakitaijua njia ya Msamvu.

Je, inawezekana kuwapa dawa watu wasio waganga katika nchi yetu? Aulizaye hivyo amesahau tulikotoka. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kando ya redio wakajifunza juu ya malaria, kichocho na kuhara, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambao uliwafundisha na kuwasajili wauzaji wasio wafamasia, ulianza Ruvuma mwaka 2003, na Morogoro ukawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuufuata. Mama wa Uluguru alifundishwa kuchanganya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, akaweza. Kuvunja kichupa cha naloksoni, kuvuta miligramu 0.4 kwa bomba la sindano na kuidunga katika msuli wa paja hakuzidi ugumu huo. Pia ipo ya kupuliza puani, isiyohitaji sindano, ila bei yake ni kubwa.

Ugumu uko penginepo. Kijana aliye na mwenzake chini ya mti nyuma ya gereji anajua kwamba kete ni kosa kwa sheria, ile ya 1995 na ile Namba 5 ya 2015 iliyokuja baada yake. Akipiga simu, atakayefika huenda akawa askari. Basi humwagia mwenzake maji, humpiga makofi, humchoma na jua, humnywesha maziwa au humdunga maji ya chumvi, kisha hukimbia. Jimbo la New Mexico lilitunga sheria mwaka 2007 ya kumkinga asishtakiwe kwa umiliki yule aombaye msaada kwa ajili ya aliyezidiwa, na majimbo mengine yakaiga. Ningependa siku moja kupewa kazi ya kuifasiri sheria ya namna hiyo. Askari aliyebeba naloksoni mfukoni hatasaidia kitu ikiwa watu hutawanyika aonekanapo. Ndiyo maana ninaona kwamba mafunzo ya askari na ya zimamoto yaanze na swali la nini hakitafanyika kwa aliyeita, kabla ya somo la sindano.

Kijitabu kile kilimalizika. Hatua zake si nyingi: mtikise na umwite jina, piga simu au mtume mtu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano, mdunge, ngoja dakika mbili au tatu huku ukiendelea kumpulizia, asipoamka mdunge tena, akipumua mlaze ubavu. Fungu refu kuliko yote ni lile la kukaa naye. Naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na afyuni nyingine hukaa mwilini zaidi ya hapo, kwa hiyo mtu aliyesimama na kutembea anaweza kuanguka tena. Kwa hiyo kifurushi huwa na vipimo viwili. Kutoka mlimani hadi hospitali ya mkoa saa nzima si kitu, na kijana mmoja wa Mgeta aliuliza kama vinaweza kuwa vitatu.

Neno lililochapishwa ni kuzidiwa. Wale vijana wawili walikubali, kwa sharti kwamba chini yake, kwa herufi ndogo, liandikwe na ameovadozi, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Na ukurasa wa mwisho waliuacha na mistari miwili mitupu, ijazwe na kila maskani kwa kalamu: jina la kituo cha afya kilicho karibu, na namba ya dereva wa bodaboda aliyekubali kuamshwa usiku.